Alama ya X mikononi mwa mwanangu

Mzazi mwenzangu, Jumamosi moja jioni nilimkuta kijana wangu wa kidato cha tatu sebuleni anajichora X kubwa nyuma ya kila kiganja, kwa kalamu ya wino mzito. Simu yake ilikuwa inatoa kelele ambazo sikujua kama ni gitaa au watu wanagombana. Niliizima. Kisha nikaanza kumhoji kama polisi: umejiunga na kundi gani?

"Mama, si kundi. Ni bendi."

Bendi yenyewe ni Minor Threat ya Washington, Marekani, iliyopiga muziki wa panki (siyo ule mtindo wa nywele) kati ya 1980 na 1983. Nikakaa nikasikiliza. Wimbo mmoja, Straight Edge, una sekunde 46 tu. Hakuna kinanda wala kubembeleza. Gitaa linakwaruza, ngoma zinakimbia, na Ian MacKaye anapiga kelele kwamba yeye ulevi hautaki. Kwa sauti ile ungedhani anautukuza!

Na X? Bendi aliyopigia kabla ya hiyo, Teen Idles, ilikwenda California mwaka 1980. Huko San Francisco ukumbi mmoja uliwaruhusu walio chini ya umri wa kunywa kuingia, ila walichorwa X mikononi ili wasiuziwe pombe. Vijana wakarudi na wazo hilo Washington. Baadaye wengine wakaanza kujichora wenyewe, bila kulazimishwa na mtu.

Teen Idles walipovunjika, fedha za maonyesho walikuwa wameziweka akiba. Wangeweza kugawana kila mtu akaenda zake. Badala yake walitoa santuri 1,000, na majalada wakayakata, wakayakunja na kuyabandika kwa gundi wao wenyewe. Ndivyo ilivyoanza kampuni yao, Dischord, ambayo ipo hadi leo. MacKaye alikuwa na miaka 18. Anwani ya barua waliyotumia ilikuwa ya nyumbani kwa wazazi wake. Namfikiria yule mama na mzigo wa barua za watu asiowajua mlangoni kwake. Mimi nilikuwa nimeshindwa kuvumilia sekunde 46.

Nikamuuliza mwanangu kwa nini X, na kwa nini leo. Akasema anakwenda kwenye bethidei ya rafiki yake. Safari iliyopita walimshikisha chupa ya bia, akaona aibu kukataa, akanywa. Safari hii anataka waone mikono yake kabla hawajamuuliza.

Hilo la bia nilikuwa silijui. Miezi minne ilikuwa imepita.

Nikamrudishia simu. Alirudi saa tatu na nusu usiku, X zimefifia kwa jasho. Sikumnusa mdomo, ingawa nilitamani.