Nani analipa simu ya munganga wa akili ya watoto?

Katika jimbo la Washington, Marekani, kule Wakongomani wengi wamepokelewa kama wakimbizi, munganga wa kawaida akipokea mtoto asiyelala usiku ao anayetaka kujiumiza, anaweza kupigia simu mtaalamu wa akili ya watoto na kupata shauri. Hospitali ya watoto ya Seattle ndiyo inasimamia kazi hiyo.

Makuta yanatoka wapi? Hapo ndipo kuna neno. Munganga anapiga simu kwa ajili ya mtoto yeyote, awe na asiransi ya kampuni ao ile ya serikali. Kampuni zilikuwa zinafaidika bila kuchanga. Mwaka wa 2020 wabunge wa jimbo wakapitisha sheria: kila kampuni itoe mchango kufuatana na hesabu ya watu inaowalipia matunzo. Mchango ulianza 2021. Kweli, kampuni inaweza kumrudishia mteja mzigo kwa kupandisha bei, lakini ukigawanywa kwa watu wengi unakuwa mdogo.

Kwetu Kivu na Ituri mpango huo hauwezi kusimama leo: wenye asiransi ni wachache mno, hakuna wa kugawana mzigo. Simu yenyewe lakini ni jambo lingine. Muuguzi wa kituo cha afya huko Walikale ao Djugu, mbele ya mtoto aliyeona vita, akiweza kuuliza wataalamu wa SOSAME Bukavu ao Tulizo Letu Goma, familia haitalazimika kuanza kwa safari. Kinachotafutwa kwanza ni mshahara wa yule anayejibu simu, na huo si mlima.