Antena Tuifunge Wenyewe, Tena Ndani ya Nyumba

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya redio ya ridhaa. Kwa wazazi wasioijua, hii ni redio ya watu wanaozungumza hewani wao kwa wao kwa mapenzi tu, si kwa mshahara wala biashara. Klabu yetu ya sayansi inayo redio ya kupokea lakini haina antena, na wengi wasema tungoje mfadhili alete ya dukani pamoja na mlingoti wake. Mimi sikubali.

Antena iitwayo dipoli ni nyaya mbili tu zilizonyoshwa, moja kulia na moja kushoto. Chukua 143, gawanya kwa megahezi uzitakazo, utapata urefu wote kwa mita. Kwa megahezi 28.5 ni mita 5 na kidogo, yaani kila waya mita 2.5. Chumba gani hakina nafasi hiyo? Katikati hufungwa kebo ya runinga: uzi wake wa ndani kwa waya mmoja, wavu wake wa nje kwa waya wa pili. Kebo hiyo ni ya omu 75 na dipoli ni karibu omu 73, basi zapatana vizuri. Vipande vyake vimelala stoo bure.

Wazazi waogopa radi, na kwa mvua za Kyela wana haki. Mlingoti juu ya paa hapa Katumba Songwe ningeuogopa hata mimi. Ndiyo sababu nasema ndani. Wala ndani si kinga kamili. Ngurumo ikisikika upande wa ziwa, kebo ichomolewe na watu wakae mbali nayo.

Taabu ni bati. Mawimbi hayapenyi bati, na madarasa yetu yote yameezekwa bati. Lakini jiko la zamani nyuma ya bwalo lingali na paa la nyasi, na wapishi walikwisha kulihama. Sasa twaambiwa litavunjwa likizo ijayo! Naomba lingojewe.

Tena tusikawie. Mawimbi haya ya mita 10 hufika mbali sana jua linapokuwa na madoa mengi. Oktoba 2024 wataalamu wa NASA walitangaza kwamba jua limeingia kipindi cha kilele, nacho hurudi baada ya miaka 11 hivi. Mdogo wetu wa kidato cha kwanza akiikosa nafasi hii, ataipata tena akiwa mtu mzima mwenye ndevu. Mimi Novemba namaliza, kwa hiyo siombei nafsi yangu.

Yuko asemaye kuwa tutafeli kwa mchezo huu. Mbona mawimbi yamo katika fizikia yetu, nasi twayachora ubaoni tu?

Kusema hewani ni jambo jingine. Hilo lataka leseni ya TCRA, na majina ya vituo vya nchi yetu huanza na 5H. Hatuombi hayo. Twaomba kusikiliza, na ufunguo wa jiko la zamani.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne