Picha Safi, Ufunguo wa Nani?

Mijadala ya kuhifadhi nyaraka za umma kidijitali hutawaliwa na maswali mawili: picha iwe safi kiasi gani, na faili liwe dogo kiasi gani? Ni maswali halali, lakini hayatoshi. Historia ya umbizo la picha liitwalo JPEG XR ni ushahidi.

Umbizo hilo lilibuniwa na Microsoft na kuidhinishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2009. JPEG tuliyoizoea, ya mwaka 1992, kwa kawaida hutumia biti 8 kwa kila rangi ya msingi, na hutupa sehemu ya taarifa inapobana picha. JPEG XR huweza kutumia biti 16, hata 32, hivyo hubeba tofauti nyingi zaidi za mwanga na kivuli. Huweza kubana picha bila kupoteza chochote. Aidha, huiwezesha programu kufungua kipande kimoja cha picha kubwa pasipo kuifungua yote. Kwa ramani au hati kuukuu, hizo ni sifa za kutamanika.

Hata hivyo, sifa hizo hazikulipa makao mtandaoni. Internet Explorer na Edge ya awali, vivinjari vya mbunifu mwenyewe, vililifungua. Chrome na Firefox havikulipokea. Msimbo huria wa kulisoma ulitolewa na Microsoft mwaka 2013, miaka minne baada ya kuidhinishwa. Edge ilipojengwa upya juu ya msingi wa Chromium mwaka 2020, haikuja nalo.

Wapo watakaosema kwamba soko limeamua. Naam, soko laweza kuamua juu ya kivinjari cha leo. Lakini soko haliwajibiki kwa hati ya ardhi ambayo mjane ataihitaji mahakamani miaka 50 ijayo. Anayewajibika ni mtumishi wa umma anayetia saini mkataba wa mfumo wa kumbukumbu.

Kwa hiyo, kabla ya kalamu kugusa karatasi, na aulize: Je, maelezo ya umbizo hili yako wazi kwa kila mtu? Ni programu ngapi, za watengenezaji wasiotegemeana, zinazoweza kulifungua? Je, tutaweza kuhamisha nyaraka zetu bila kupoteza kitu? Asiyepata majibu asisaini, hata kama picha aliyoonyeshwa inang'aa.