Ujumbe Uliokwama ni wa Nani?

Taasisi kumi zenye kompyuta zikitaka kupelekeana habari moja kwa moja, kila moja na kila nyingine, zahitaji njia 45. Zikiwa ishirini, njia hufikia 190. Ndiyo sababu ya kubuniwa programu ya kati, ambayo kila taasisi hujiunga nayo mara moja tu. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Serikali Mtandao imejenga mfumo wa aina hiyo, uitwao GovESB, kwa ajili ya taasisi za umma.

Programu ya kati hufanya kazi ya posta na ya mkalimani pamoja. Hupokea ujumbe, huukagua, huamua njia kwa kutazama anwani au yaliyomo, kisha huupanga upya ili mpokeaji aweze kuusoma. Kwa mfano, ofisi moja huanza tarehe kwa siku, nyingine kwa mwaka. Kompyuta ya mpokeaji ikiwa imezimika, ujumbe hungoja katika foleni. Jibu lisiporudi, hutumwa tena. Hapa pana hatari, kwani huenda ujumbe ulifika, na kilichopotea ni jibu. Agizo la kulipa shilingi 50,000 laweza kutekelezwa mara mbili. Kwa hiyo kila ujumbe hupewa namba isiyorudiwa, na mpokeaji hukataa namba aliyokwisha kuishughulikia.

Ujumbe ukishindikana kabisa, hutiwa katika foleni ya pembeni ili usizuie mingine. Wataalamu huiita foleni ya barua mfu, jina lililoazimwa kutoka posta. Utaratibu huo ni mwema, ila mara nyingi husahauliwa kwamba foleni hiyo yahitaji mtu wa kuifungua.

Ichukuliwe kwamba mwanafunzi mwenye majina mawili ameomba mkopo wa masomo, na kompyuta ya mpokeaji yadai majina matatu. Ombi lake laangukia pembeni. Ofisi iliyolituma inayo stakabadhi kwamba limepokelewa na programu ya kati. Ofisi ya pili haijaliona kamwe. Zote mbili zasema kweli zikisema hazina kosa, na mwanafunzi huambiwa asubiri hadi muhula uanze.

Basi kila foleni ya pembeni haina budi kuwa na ofisa anayejulikana, aliyewekewa muda wa kuishughulikia, na mtumaji ajulishwe. Wapo watakaosema kwamba kompyuta zililetwa ili kupunguza kazi za namna hiyo. Zimekwisha kuipunguza: ujumbe mwingi hupita bila kuguswa na mtu, na unaobaki ni ule hasa unaohitaji akili ya mtu. Wengine hupendekeza programu yenyewe ijaze nafasi iliyo wazi. Kugeuza mpangilio wa tarehe ni kazi yake. Kumbunia mtu jina la tatu sivyo. Hilo ni la ofisa, tena baada ya kumwuliza mwombaji mwenyewe.