Fundi wa Meru na Embu aachiwe injini, apimiwe hewa

Barabara ya kutoka Embu kupitia Runyenjes na Chuka hadi Meru haijui kunyooka. Inateremka bondeni, inavuka mto, inapanda, inakata kona na kuteremka tena, na hivyo ndivyo inavyokwenda kwenye miteremko yote ya mashariki ya Mlima Kenya. Enzi zile Safari Rally ilipokuwa ikizunguka nchi nzima, tope jekundu la huku liliwatoa jasho madereva wa kila taifa. Siku hizi barabara hiyo inajulikana zaidi kwa pikapu za miraa zinazotoka Maua kuwahi soko la Nairobi, na kwa maafa ya ajali kwenye daraja la mto Nithi. Madereva tunao, na mafundi wanaowatengenezea magari tunao pia. Tulichokosa ni mashindano ambayo fundi huyo anaweza kuyamudu. Ninaloliomba Shirikisho la Michezo ya Magari Kenya, pamoja na serikali za kaunti hizi, ni daraja la magari madogo yasiyozidi cc 1,000, ambalo kanuni zake zitamwachia fundi injini aifanyie atakavyo, kisha zimbane kwenye kitu kimoja tu: hewa inayoingia.

Wapo watakaosema injini ya cc 1,000 ni ya kwenda sokoni. Historia ya mbio zetu wenyewe inawakatalia. Mwaka 1956, mashindano yakiitwa bado Coronation Safari, Eric Cecil na Tony Vickers walishinda kwa DKW yenye silinda tatu na chini ya cc 900, injini ya mipigo miwili isiyo na valvu hata moja, inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili kama msumeno wa kukatia miti. Mwaka 1993 nafasi nne za kwanza zilichukuliwa na Toyota Celica zenye turbo na nguvu ya kuendesha magurudumu yote. Nyuma yao, nafasi ya tano, ya sita na ya saba, zilifuatana Daihatsu Charade tatu, kila moja ikiwa na silinda tatu na cc 993. Na katika mbio hizo hizo Patrick Njiru alimaliza wa kumi na mbili kwa Subaru Vivio ya cc 660, ilhali Colin McRae, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia miaka miwili baadaye, hakuifikisha Vivio yake mwisho.

Magari hayo hayakufika kwa bahati. Charade ilisukumiwa hewa na turbo, Vivio na supachaja inayozungushwa na mkanda wa injini yenyewe. Kanuni za kimataifa hazikukataza hayo, ila zilizidisha ujazo wa injini ya namna hiyo mara 1.7 kabla ya kuipangia daraja, na Vivio ya cc 660 ikahesabiwa kuwa ya zaidi kidogo ya cc 1,100. Hesabu ya namna hii huwafundisha wahandisi kufikiri. Kizidisho kilipokuwa bado 1.4, Daihatsu ilipunguza injini yake ya Charade kutoka cc 993 hadi 926, kwa sababu 926 mara 1.4 ni 1,296, na mpaka wa daraja ulikuwa 1,300. Napenda sana mfano huu, maana unaonyesha kanuni nzuri inavyozaa injini ambayo bila hiyo isingezaliwa.

Sasa tuangalie hali ya huku. Meru mjini iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Embu iko chini yake kidogo. Kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya saba kuliko Mombasa, na injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kiasi kama hicho hicho. Farasi 70 za pwani zinafika huku zikiwa 60. Lakini kasoro hiyo inafungua mlango: silinda isiyojaa hewa vizuri inastahimili mgandamizo mkubwa zaidi kabla injini haijaanza kugonga. Kwa hiyo fundi anaweza kuparua kichwa cha injini kwa sehemu ndogo ya milimita, abadilishe gasketi, na kurudisha baadhi ya nguvu zilizopotea. Anaweza kuondoa karabureta moja iliyotoka na gari, aweke za pikipiki, kila silinda na yake, kwa bomba fupi lisilo na kona. Na hapa ndipo fundi wa bodaboda wa Maua au Siakago anapomzidi mwenye gereji yenye kompyuta, kwa kuwa jeti ya karabureta ameizoea. Ikiwa tundu lake ni kubwa mno kwa mwinuko huu, analiziba kwa risasi ya kulehemia, analitoboa upya kwa keekee nyembamba kama sindano, anawasha injini, kisha anatoa plagi na kusoma rangi yake. Nyeusi, mafuta yamezidi. Nyeupe, yamepungua na pistoni iko hatarini. Anataka ile ya kahawia.

Kuna hoja nzito dhidi yangu, nayo ni kwamba injini ikiachwa huru, mwenye pesa ndiye atakayeshinda. Wanaoitoa wanapendelea injini za kiwandani zilizopigwa muhuri, zote sawa. Naielewa hofu yao, lakini muhuri haumzuii tajiri, ambaye ataagiza injini kumi, azipime, abaki na iliyo bora, na fundi wa Gakoromone, mjini Meru, hatakuwa amejifunza chochote. Dawa iko kwenye pete inayobana njia ya hewa. Katika mashindano ya Formula Student, wanafunzi wa vyuo vikuu hutengeneza magari yenye injini zisizozidi cc 710, na za petroli hulazimika kuvuta hewa yote kupitia tundu la milimita 20. Hewa haiwezi kupita kwenye koo la tundu hilo kwa kasi inayozidi ya sauti, kwa hiyo hata ukifunga turbo mbili nyuma yake, kuna kiasi ambacho hutakipita. Mnaopewa hewa sawa mnashindania namna ya kuichoma. Pete yenyewe ni kipande cha alumini kinachochongwa kwenye mashine ya kerezo asubuhi moja. Tena iongezwe kanuni inayotumika katika viwanja vidogo vya Marekani: baada ya mbio, mshindani yeyote ana haki ya kuinunua injini ya mshindi kwa bei iliyotangazwa mapema. Hakuna atakayezika mamilioni katika injini anayoweza kunyang'anywa kihalali jioni hiyo hiyo.

Hata hivyo nakubali kwamba uhuru huleta ujanja, na wasimamizi hawaupendi. Mwaka 1951 Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alikuwa kijana anayeshindana Uingereza katika daraja la injini za Austin Seven za cc 747. Katika injini hiyo silinda mbili zilishiriki mlango mmoja wa hewa, zikinyang'anyana pumzi. Chapman aliugawa mlango huo kwa kipande chembamba cha chuma, kila silinda ikapata njia yake, na wenzake wakaachwa mbali. Klabu iliyosimamia daraja hilo ikaupiga marufuku ujanja ule. Nadhani ilikosea. Ingewapa wengine msimu mmoja wa kuiga, daraja zima lingepanda.

Kuhusu usalama sitaki kubishana na wanaoogopa, kwa kuwa wana haki. Mwili wa gari usiguswe na uhuru huu hata kidogo: fremu ya vyuma ya kumkinga dereva gari likipinduka, mkanda wa pointi nne, kofia, tangi la mafuta lililofungwa ipasavyo, gari la wagonjwa uwanjani. Gari lisilotimiza hayo lisiwashwe. Mbio zenyewe zifanyike kwenye uwanja uliozungushiwa ua, kama ule wa maonyesho ya kilimo Meru, ambako njia ya vumbi yenye kona nyingi itayazuia magari haya madogo yasifikie mwendo ambao pikapu huufikia kila usiku kwenye barabara yenye watoto wa shule na punda.

Chuo cha Meru National Polytechnic kinaweza kuwa mkaguzi, kwa kuwa wanafunzi wake wa ufundi wa magari wanahitaji injini za kupima kuliko michoro ya ubaoni. Kazi yenyewe ya siku ya mbio ni nyepesi. Mkaguzi anashika pini ya chuma ngumu yenye unene unaozidi milimita 20 kwa sehemu ndogo mno, anaitia kwenye pete ya kila gari mbele ya washindani wote. Pini ikipenya, gari linarudi gereji. Ikikwama, fundi anafunga boneti, na lililo ndani linabaki siri yake hadi atokee mtu wa kulinunua.