Muziki Mpya na Sikio la Mwambao

Ukitaka kumjua mtu wa Mwambao, mtazame anavyosikiliza wimbo. Hakimbilii kutikisa kichwa. Kwanza hutega sikio apate neno. Akilipata, hata kama fidla imekwenda upande, huinuka na noti yake akamtunze mwimbaji kwa ajili ya ubeti uliomgusa. Ndivyo tulivyolelewa. Wimbo kwetu ni shairi lililovishwa nguo, na mtu akituuliza "wimbo gani huo?" tunamjibu kwa maneno yake, si kwa mahadhi yake.

Kwa sikio hilo hilo nimekaa miezi kadhaa nikisikiliza muziki ambao vijana wa Afrika Mashariki wanauita wa majaribio. Sijausikia ukipigwa arusini hapa Mombasa, na redioni ni nadra. Hutolewa na makampuni madogo ya Kampala, London na Vienna, na kijana wa Berlin huenda akaupata mapema kuliko kijana wa Kisauni. Wazee wenzangu wameuhukumu kwa neno moja: kelele. Vijana nao wametuhukumu sisi kwa neno moja: washamba. Hukumu zote mbili zimetolewa kabla kesi haijasikilizwa.

Ama suala la ala kuwa halali au haramu, hilo lina wenyewe na vitabu vyake, na si la ukurasa huu. Mimi nasema na wale ambao nyumba zao zimesikika udi na kinanda tangu enzi za bibi zao, na ambao leo wanawakataza wajukuu wao wasiguse chombo kipya.

Tuanze na muziki ulio karibu nasi, singeli ya Dar es Salaam. Singeli ilizaliwa katika mitaa ya watu wa kipato kidogo. Mama yake ni mchiriku, ngoma iliyopigwa kwa vinanda vidogo vya Casio. Na taarabu nayo ina mkono wake humo, kwani wapigaji walikata kipande cha wimbo wa taarabu, wakakirudia rudia, wakakitia mbio, kisha mwimbaji akamimina maneno juu yake. Mwaka 2017 ilitoka sahani iitwayo Sounds of Sisso, iliyokusanya kazi za studio moja ya Mburahati. Mapigo ya muziki huu hupita 200 kwa dakika, na mara nyingine hukaribia 300. Moyo wa mtu aliyetulia hupiga baina ya 60 na 100. Si ajabu basi kwamba nilipousikia nilishika kifua.

Lakini nilipotega sikio nilikuta neno limo. Kuna mapenzi, kuna wambea, kuna shida ya pesa. Ni mipasho ile ile tuijuayo, ila imepanda pikipiki. Singeli nimeikubali, ingawa magoti yangu hayajakubali.

Kampuni iliyoitoa sahani hiyo iko Kampala. Jina lake kwa Kiganda ni hamu ya kucheza isiyozuilika. Kwa Kiswahili chetu halitamkiki mbele ya mkwe, na mimi sitaliandika hapa. Kampuni hiyo hiyo ilitoa mwaka 2020 kazi ya vijana wawili wa Nairobi waliojiita Duma. Msomaji asidhani ni yule mnyama mwenye mbio. Kwa Kikikuyu neno hilo maana yake ni giza. Na giza ndilo nililolisikia. Mitambo inanguruma na kupasuka, ngoma zinakimbizana bila kupumua, na juu yake sauti ya mtu anayepiga ukelele tangu mwanzo hadi mwisho. Sikuambulia neno hata moja.

Kilichonishtua hakikuwa sauti kubwa, maana nimesimama karibu na spika za arusi nisisikie mtu wa pembeni yangu. Kilichonishtua ni kuona uchungu usio na subira. Sisi hata msibani hufundishana kuzuia ukelele. Machozi yaruhusiwa, lakini kupiga mayowe na kujirarua tunakatazana. Kumbe vijana hawa wameyachukua mayowe yenyewe wakayafanya sanaa. Sikuipenda kazi yao, na leo pia siipendi. Hata hivyo sitasema kwamba si ya kweli. Anayeishi katika nchi hii na akasema hajapata kutamani kupiga ukelele, huyo ama ana mali nyingi ama hasomi magazeti.

Wa tatu ndiye aliyenikalisha kitako. Jina lake ni Joseph Kamaru, naye hulifupisha akajiita KMRU. Kamaru wa kwanza, babu yake aliyefariki mwaka 2018, alikuwa mwimbaji mashuhuri wa Kikikuyu na bingwa wa maneno. Aliimba juu ya J. M. Kariuki, mbunge aliyeuawa mwaka 1975, wakati ambapo wengi waliogopa hata kulitaja jina hilo. Mjukuu amerithi jina la babu, lakini katika sahani yake ya mwaka 2020, Peel, haimbi. Hutembea na chombo cha kunasa sauti, akakusanya sauti za mahali, kisha akazinyoosha na kuzichanganya kwa kompyuta mpaka zikawa kama ukungu wa alfajiri. Vipande ni virefu, havina kibwagizo, havina mwanzo wala mwisho wa kushikika.

Nilimsikiliza usiku, nyumba ikiwa imelala. Kwanza nilingoja mwimbaji aingie, kama tunavyomngoja baada ya bashraf. Hakuingia. Kisha nikaanza kusikia vitu nilivyoacha kuvisikia zamani: feni, mbwa wa mbali, pumzi yangu mwenyewe. Muziki ule haukunipa neno, lakini ulinifanya nisikilize. Na nikajiuliza: babu alisema mengi hata nyimbo zake zikawaudhi wakubwa, je, mjukuu amenyamaza kwa kuwa hana la kusema, au kwa kuwa anataka sisi tunyamaze kwanza? Mimi naegemea jibu la pili. Sahani nyingine ya kijana huyu, ya mwaka 2022, imefumwa kwa sauti za Kiafrika zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, na mtu asiye na la kusema hafungui makabati ya namna hiyo.

Sasa wazee wenzangu wataniambia: hayo ni ya bara, sisi tuna taarabu yetu. Naam, tunayo. Lakini taarabu hiyo ilipatikanaje? Katika kasri la Sultani kule Unguja iliimbwa kwa Kiarabu. Siti binti Saad ndiye aliyeipa nguvu kwa Kiswahili, na mwaka 1928 yeye na wenzake wakapanda meli kwenda Bombay kunasa sauti katika santuri. Hapa Mombasa, Juma Bhalo alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayavisha mashairi ya Kimvita, yakiwemo ya ndugu yake Ahmad Nassir. Wako walionung'unika kwamba huo ni Uhindi mtupu. Leo zikipigwa nyimbo hizo hao hao hufuta machozi. Taishokoto iliyokoleza nyimbo za Zuhura Swaleh ni ala ya Kijapani iliyobuniwa mwanzoni mwa karne ya 20, nasi tunaiona kama iliyochongwa Kibokoni. Matano Juma alipopiga kinanda cha umeme, bahari haikukauka.

Kila mmoja wa hao alifanya jaribio. Na kila jaribio lilisimama kwa sababu moja: ala ilibadilika, neno likabaki. Huo ndio mzani wangu, na ndio ninaowapa wasomaji.

Ushahidi upo. Mwaka 2020 huo huo kampuni moja ya London ilitoa sahani ya Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad, iitwayo Siti of Unguja. Ndani yake zimo nyimbo za bibi, lakini zimezungukwa na sauti ambazo bibi hakuzijua: besi nzito inayotambaa chini, na mivumo ya mitambo inayokuja na kutoweka. Umo wimbo wa Kijiti, ule wa mwanamke aliyeuawa, muuaji akatoroka, na waliokwenda kutoa ushahidi ndio wakaishia jela. Nilitazamia kuona maiti aliyepakwa rangi. Nikakuta wimbo uko hai, na dhuluma ile ya miaka mia iliyopita inauma kana kwamba kesi iliamuliwa juzi. Sauti mpya hazikulifunika neno. Zililiwekea kivuli, na neno likazidi kung'aa.

Nasema haya kwa sababu jambo hili limeingia nyumbani mwetu. Mwana wa dada yangu, kijana wa miaka 19, amenasa kwa simu yake honi ya feri ya Likoni, mvua juu ya mabati, na wanawake wakitwanga pilipili manga siku ya kuamkia arusi. Ameviunganisha kwa kompyuta usiku mzima. Mama yake alitaka kuiuza kompyuta hiyo, akisema mwana ameharibika. Kijana alinijia akaniambia, "Mjomba, wewe sikiza tu, kisha useme utakalo." Nikasikiliza. Mtwango ule ulikuwa na mdundo ambao mpiga dumbaki angeuonea wivu. Nilimwambia, "Mwanangu, kazi yako ni nzuri, lakini ni nyumba isiyo na mtu ndani. Mwenyewe yuko wapi?" Akajibu, "Maneno sinayo, Mjomba. Nani atanipa?"

Swali hilo sikuweza kulijibu peke yangu, na ndilo nililolileta hapa. Nani atawapa? Washairi wetu wapo. Hutunga kwa vina na mizani, wakasomeana wenyewe kwa wenyewe, wakalalamika kwamba vijana hawajui shairi. Vijana wapo, wana vyombo vya kunasa kila sauti ya mji huu, na hawana hata ubeti mmoja. Baina yao pana ukuta, na matofali yake ni lile neno "kelele" na lile neno "washamba". Tukiuacha ukuta huo usimame, sauti za Mwambao zitakwenda kuhifadhiwa katika makabati ya Ulaya, na mjukuu wa mtu atalazimika kuomba ruhusa kuzisikiliza.

Basi natoa rai ndogo. Redio zetu za Pwani zitenge japo saa moja kwa juma kwa muziki huu, upigwe kisha ujadiliwe, anayeupenda aseme na anayeuchukia aseme. Malenga mwenye daftari lake alichukue, abishe hodi kwenye chumba cha kijana mwenye kompyuta, ampe beti nne bila masharti ila moja: zisikike. Na kijana naye azipokee kwa adabu, ajue kwamba anaposhika neno la Kiswahili ameshika amana.

Ama dada yangu, kompyuta hakuiuza. Bado analalamika, lakini juzi nilimkuta akimrekebisha mwanawe: wanawake wale, alisema, hawakutwanga kimya. Walikuwa wakiimba, na maneno yake yeye anayakumbuka yote.