Kuvu Kambini

Mwezi Agosti 2022, Jeshi la Marekani liliamua kuwahamisha askari zaidi ya 1,000 kutoka mabweni ya Fort Bragg yaliyoingiwa na unyevu na kuvu. Mwaka 2023 ofisi ya ukaguzi iliyo chini ya Bunge la nchi hiyo, isiyopokea amri ya jeshi, ilitoa taarifa ya iliyoyaona katika kambi 10 ilizotembelea. Hapo ndipo penye jambo. Afisa mwenye dhamana ya jengo hafai kulikagua mwenyewe, wala fundi alipwaye kwa kupaka rangi. Rangi huficha kuvu. Bomba huendelea kuvuja, na askari mwenye pumu huendelea kukohoa. Twataka kambi zetu, za jeshi na za polisi, zipate mkaguzi wa nje, na taarifa yake isomwe gwarideni.